Kikuku cheupe au chenye weusi? Kuchagua na kutunza fedha kwa sisi wa kusini

Novemba iliyopita, minada ya korosho ikiwa imepamba moto, mtoto wa dada yangu alinitumia picha mbili kutoka Lindi. "Shikamoo mama mdogo. Nichukue kipi?" Picha ya kwanza ilikuwa kikuku cheupe kitupu, kinang'aa mpaka taa ya dukani inaonekana ndani yake. Ya pili ni kikuku cha upana uleule, kimechongwa maua na majani, na ndani ya kila mchongo kumekaa weusi kama masizi. Muuzaji alimwambia hicho cha pili ni "silva ya oksidaizi". Bei zao zilikuwa jirani. Harusi ilikuwa Januari.

"Cheusi ndicho nakipenda," akaandika, "lakini naona kama kimeshachafuka kabla sijakivaa. Watu si watasema nimeolewa na kikuku cha mtu?"

Nilimjibu kwa sauti siku ile, nikiwa barazani kwangu Mikindani, na nilipomaliza niliona bado nina mengi. Nimeshika vito vya fedha kwa miaka mingi, nikifunga vishikizo vilivyokatika na kuosha vya watu, na swali la mwanangu huyu nimeulizwa na wanawake wengi. Wengine huja wameshaharibu. Kwa hiyo naliandika hapa kwa kirefu. Nikisema fedha nasema madini yenyewe, ile tunayoiita silva madukani.

Kwanza, ule weusi ni kitu gani

Jina "oksidaizi" linapoteza watu. Mtu akilisikia anafikiri ni kutu, kwamba hewa imekula fedha kama inavyokula bati la paa. Fedha haishiki kutu ya chuma, na oksijeni ya hewani kwa joto letu hili haiifanyi kitu cha kuonekana. Kinachoitia weusi ni salfa.

Na salfa mtu wa Mtwara au Lindi hahitaji kufundishwa. Ndiyo ile ile ya unga wa njano tunayopuliza mikorosho inapoanza kuchanua, kuzuia ubwiri unga. Fedha ikikutana na salfa, iwe ya unga, iwe imo katika gesi yenye harufu ya yai viza, juu yake hujengeka utando mwembamba sana wa salfaidi ya fedha. Utando ukiwa mchanga una rangi ya njano, mtu anaweza kudhani kikuku kimepakwa dhahabu hafifu. Ukinenepa unakuwa kahawia, unapita zambarau na buluu, mwisho unakuwa mweusi.

Fundi anachofanya ni kuharakisha safari hiyo na kuisimamisha anapotaka. Anachukua salfa iliyochomwa pamoja na potasi, anaiyeyusha katika maji ya moto, anachovya kikuku, anatazama rangi zikipita moja baada ya nyingine. Chumba chote kinanuka mayai yaliyooza. Kikishakuwa cheusi chote anakiosha, kisha anasugua vilima vya nakshi peke yake mpaka virudi vyeupe. Mabondeni weusi unabaki. Hapo ndipo jicho linaona ua, jani, na mstari mwembamba kama unywele ambao kwenye fedha nyeupe tupu usingeuona mpaka ukisogeze kikuku puani.

Kwa hiyo weusi ni wa aina mbili: wa fundi na wa hewa. Ni kitu kimoja kabisa kikiwa ndani ya chupa ya mkemia, ila mkononi ni vitu viwili. Weusi wa fundi umekaa mabondeni, umelingana, na vilima vimeng'aa. Weusi wa hewa unatambaa popote: umeshika upande wa nje zaidi ya wa ndani, umekwepa sehemu zinazosuguliwa na nguo, una madoa ya njano pembeni. Ukikuta kikuku cha zamani chenye weusi wa aina zote mbili, na vingi viko hivyo, kazi yako ni kuondoa wa pili bila kumgusa wa kwanza. Mwanangu alichokiona kwenye picha ni weusi wa fundi. Hakuna aliyekuwa amekivaa.

Kwa macho

Hapa nina msimamo na sitauficha. Kama kipande kimechongwa, kina nakshi, kamba zilizosokotwa, punje punje au maandishi, chukua chenye weusi. Kama ni kitupu, chukua cheupe. Nimeona pete laini zisizo na mchongo wowote zimetiwa weusi mwili mzima, zinapendeza sana siku ya kwanza. Lakini utando ule ni mwembamba na hauna bonde la kujificha. Pete inagusana na vidole, sabuni, mfuko wa nguo, mpini wa jembe. Baada ya miezi michache kingo zimekuwa nyeupe na katikati nyeusi, haieleweki ni mtindo gani. Weusi unadumu pale tu mkono haufiki.

Na cheupe kina heshima yake. Kikuku kitupu kilichong'arishwa vizuri, juu ya mkono uliopakwa hina, hakihitaji kitu kingine.

Kwa hewa ya kwetu

Maji yakipwa hapa Mikindani, tope la mikoko linabaki wazi na upepo unaleta ile harufu. Wageni huziba pua. Harufu hiyo ni gesi ileile yenye salfa, inatoka kwenye majani yanayooza ndani ya tope lisilo na hewa, na fedha inaisikia kabla yetu. Ongeza unyevu wa pwani, ambao huharakisha mambo, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili mvua zinapokuwa zetu. Kikuku cheupe kilichoachwa wazi juu ya kabati katika nyumba iliyo karibu na maji hakichukui muda mrefu kuanza kuwa cha njano.

Katika hili chenye weusi kinashinda waziwazi. Si kwamba hewa inakionea huruma. Ni kwamba weusi wa hewa ukija unaingia mabondeni ambako tayari kuna weusi, na ule wa vilimani unaondoka kwa kitambaa kikavu kwa dakika moja. Cheupe kinadai uangalizi wa kila wiki, au kinadai kuvaliwa kila siku, maana fedha inayovaliwa hujisugua yenyewe na ngozi na nguo ikabaki nyeupe. Watu wengi hufanya kinyume: wanaifungia fedha nyeupe kwa ajili ya Idi na harusi, wakiitoa wanakuta imekuwa kahawia, wanadhani wameuziwa feki. Hata fedha halisi hubadilika hivyo.

Wa Newala na Tandahimba mnaweza kusema ninyi mko juu, hamna tope la mikoko. Kweli. Lakini mna mikorosho, na ndiko salfa inakopulizwa kwa wingi.

Baharini hakuna mshindi. Maji ya chumvi yanaila shaba iliyochanganywa ndani ya fedha na kuacha madoa ya kijivu, iwe nyeupe au yenye weusi. Ukiogelea Msimbati na kikuku chako, kisuuze kwa maji baridi ya bomba siku ileile na ukikaushe. Bora zaidi kiache nyumbani, kwa sababu mchanga nao unakwaruza, na fedha ni laini, laini kuliko chuma cha kisu cha kawaida.

Kwa mikono inayofanya kazi

Hapa ndipo nilipomuuliza mwanangu maswali mengi kuliko penginepo, kwa sababu namjua. Anafundisha Lindi mjini lakini Jumamosi yuko Mtama shambani kwa mama yake. Mikono yake haikai.

Siku ya kupuliza salfa, usivae fedha ya aina yoyote. Unga ule ukikaa kwenye jasho chini ya kikuku, jioni utakuta alama nyeusi, na kwenye cheupe alama hiyo inakuwa ramani: hapa jasho lilipita, hapa halikupita. Chenye weusi kitasamehe zaidi, ila nacho vilima vyake vitazimika.

Wakati wa kubangua korosho vua pete kabisa, na hili silisemi kwa ajili ya pete. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, na yakijificha chini ya pete yanaendelea kuunguza ngozi wakati wewe unadhani umeshanawa.

Jik ni adui mkubwa kuliko bahari. Mtu anafua mashuka meupe na pete kidoleni, anaitoa imekuwa nyeusi tii au kijivu cha majivu. Weusi huo si wa salfa, ni wa klorini, hauondoki kirahisi, na ukizoea utaona pete inaanza kukatika kwenye maungio. Mayai, vitunguu na vitunguu saumu vina salfa pia. Marhamu ya upele yenye salfa, hali kadhalika. Kwa kazi zote hizi za jikoni chenye weusi kinavumilia kuliko cheupe. Kwa jik hakuna kinachovumilia.

Kusafisha, na kikuku cha bibi

Bibi yangu mzaa mama aliniachia kikuku. Kilikuwa kipana, kizito, kimechongwa maua manane kuzunguka, na kila ua lilikuwa na weusi katikati ya petali zake. Nyumbani tulisimuliwa kwamba kilifuliwa kwa reale, sarafu za fedha za zamani. Sikuwepo, siwezi kuapa, lakini jambo lenyewe lilikuwa la kawaida pwani hii: reale ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 usiobadilika, ilizunguka Afrika Mashariki katika karne ya 19, kila moja ina uzito wa gramu 28 na fedha asilimia 83 hivi, na sonara aliyetaka fedha aliziyeyusha.

Mwaka nilioolewa nilitaka kukivaa. Nilikiona kimefubaa. Mtu mmoja akanielekeza njia aliyosema ni salama kabisa: chukua bakuli, tandika foili chini, weka kijiko cha beking soda, mimina maji yanayochemka, tumbukiza. Nilifanya. Maji yalitoa povu, harufu ya yai viza ikapanda, na kwa dakika mbili kikuku kikawa cheupe. Nilifurahi kwa muda wa kukitoa na kukikausha. Kisha nikakiangalia mchana dirishani na maua hayakuwepo. Petali zilikuwepo ukizipapasa, lakini jicho halikuziona. Kilikuwa kama kijiko cha aluminiamu. Nililia, na nilienda harusini bila kikuku.

Sasa nitaeleza kilichotokea, kwa sababu njia ile si mbaya, ni mbaya kwa kitu kile. Foili ni aluminiamu, na aluminiamu inaipenda salfa kuliko fedha inavyoipenda. Katika maji ya moto yenye soda, salfa inaiacha fedha na inaondoka, na fedha inarudi kuwa fedha. Haikwaruzi, haipunguzi uzito. Kwa kikuku cheupe kilichoshika weusi wa hewa sina njia ninayoipenda zaidi: kiguse foili, kiache dakika moja au mbili, suuza, kausha. Lakini maji yale hayajui weusi wa hewa na wa fundi. Yanaondoa wote, mpaka chini ya bonde ambako brashi haifiki. Dawa za kuchovya za chupa zinazouzwa kwa ajili ya vito hufanya vivyo hivyo kwa njia nyingine. Dawa yoyote ya kuchovya, usichovye humo fedha yenye weusi.

Chenye weusi kioshe hivi. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni laini ya vyombo, brashi laini ya meno ya mtoto. Pitisha brashi kutoa jasho na mafuta ya mwilini, bila kukandamiza. Suuza. Kausha kwa kitambaa, kisha kiache kwenye upepo kivulini mpaka mabonde yakauke. Halafu chukua kitambaa cha pamba kilichochakaa, kipande cha kanga kuukuu kinafaa sana, ukikunje kiwe kama kipira kigumu, usugue juu juu ili kiguse vilima tu. Kitambaa kikiwa kilegevu kinaingia mabondeni. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Kisha kuna mambo ambayo hayafai kwa cheupe wala chenye weusi, na yote tumeyarithi: jivu, mchanga laini, dawa ya meno, ndimu na chumvi. Jivu na mchanga ni sawa kwa sufuria. Dawa ya meno ina chembe za kusugua ambazo kwenye fedha nyeupe huacha mikwaruzo midogo mingi, kinang'aa leo na kesho kinaonekana kama kina ukungu. Ndimu na ukwaju ni dawa ya shaba, tuiachie shaba.

Kama ulishakosea kama mimi, hujapoteza. Weusi unarudishwa. Kikuku changu nilikipeleka kwa sonara, akakitia upya, akasugua vilima, na leo kiko hapa. Kwa kipande kidogo unaweza hata mwenyewe, na hapa usitumie salfa ya shambani. Chemsha yai mpaka kiini kiwe kigumu na kijivu pembeni, livunje likiwa moto, uliponde ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, weka pete iliyooshwa vizuri humo ndani bila kuigusisha na yai, funga. Baada ya saa kadhaa itakuwa kahawia, ukiiacha usiku kucha itakolea. Kisha sugua vilima. Hauwi weusi mzito kama wa fundi, ila nakshi inaonekana tena. Dawa ya fundi yenyewe usiicheze nyumbani: ikikutana na siki au tindikali yoyote hutoa gesi ya sumu kali.

Kwa hiyo upande wa kusafisha, nani anashinda? Cheupe kinasafishwa mara nyingi lakini hata ukikosea njia kinarudi. Chenye weusi kinasafishwa mara chache, kwa upole, na kosa moja linagharimu safari ya kwa sonara. Kama nyumbani kwako kuna msichana au shemeji mwenye moyo wa kusaidia ambaye hukuta kitu akakisugua bila kuuliza, lifikirie hilo. Mimi nimeandika kikaratasi ndani ya kopo langu: USICHOVYE.

Wawili wengine walioko dukani

Mwanangu aliona viwili, lakini kwenye meza za vito, Mtwara au Lindi, wapo wanne.

Wa tatu ni fedha iliyopakwa rodi, madini ya jamii ya platinamu. Utaijua kwa weupe wake wa baridi, kama kioo. Rodi haishiki salfa, kwa hiyo haiwi nyeusi kwa hewa yetu. Kwa mtu asiyetaka kabisa kusugua, hiyo ndiyo yake. Ila ni ngozi tu: inalika, kwanza chini ya pete na kwenye kingo, na ikilika unakuwa na rangi mbili. Usiisugue kwa dawa yoyote, sabuni na maji basi. Na usitegemee kuitia weusi baadaye, haishiki.

Wa nne ndiye anayeniumiza, kwa sababu anauzwa kwa jina la huyu tunayemzungumzia. Mikufu mikubwa, hereni pana na vikuku vyenye weusi mwingi vinavyokuja kwa mafungu, vingi kutoka India, vinaitwa oksidaizi na havina fedha ndani. Mwili wake ni shaba nyeupe, ambayo pia huitwa fedha ya Kijerumani: mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Au ni shaba ya njano iliyopakwa. Sisemi visinunuliwe. Ni vizuri, ni vya bei ya chini, kwa ngoma au kwa vazi la siku moja vinatosha. Sema tu ukweli unapouza, na ulipe bei ya ukweli unaponunua. Wenye ngozi inayowasha wawe na tahadhari, nikeli huwatoa watu vipele kwenye ndewe za masikio na shingoni. Kwa kusafisha, kitambaa kikavu. Maji na jasho vikikaa humo rangi inabanduka, na iliyobanduka hairudi.

Utawatenganishaje? Muhuri wa 925 unamaanisha sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha, iliyobaki kwa kawaida ni shaba ya kuipa ugumu, maana fedha tupu hupinda. Tafuta muhuri, lakini usiuamini peke yake, muhuri hugongwa na yeyote mwenye nyundo. Sumaku nayo inasaidia nusu: ikivuta, si fedha, isipovuta, inaweza kuwa fedha au shaba, zote hazivutwi.

Kipimo ninachokiamini ni cha maji. Pima kikuku kwenye mizani ndogo ya dijitali. Tuseme kina gramu 52. Kisha weka glasi yenye maji juu ya mizani na uirudishe sifuri. Funga kikuku kwa uzi, kining'inize kizame chote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma namba mpya, tuseme 5. Gawanya: 52 kwa 5 ni 10.4. Fedha ya 925 hutoa 10.3 au 10.4. Ya zamani ya reale, yenye shaba zaidi, hushuka kama 10.2. Shaba nyeupe na shaba ya njano hazifiki 9. Kikuku kile kile cha gramu 52 kingekuwa shaba, mizani ingesoma karibu 6. Kipimo hiki hakifai kwa kitu chenye jiwe, chenye uwazi ndani, au chepesi sana ambacho mizani yako haiwezi kukisoma kwa nukta. Kwa kikuku kizito kinatosha, na muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

Mwanangu alikwenda na mizani ya mwalimu mwenzake anayeoka keki. Kile chenye weusi kilitoa 10.3. Kile cheupe pia.

Ngozi, kuhifadhi, kurekebisha

Weusi wa fundi ukiwa mpya unaweza kuachia kidogo kwenye ngozi au kwenye shingo ya gauni jeupe siku za kwanza. Kivae nyumbani wiki moja kabla ya shughuli. Ukiona ukijani mkononi, hiyo ni shaba ikikutana na jasho, inatoka kwa sabuni na si ugonjwa.

Vyote viwili vihifadhi kwenye mfuko mdogo wa plastiki unaofungika, umebanwa hewa itoke, kila kimoja na wake ili visikwaruzane. Tia kipande cha chaki ya ubaoni ndani ya kopo la mifuko hiyo kivute unyevu. Usifunge kwa mpira wa kubania noti, mpira una salfa na utaacha mstari mweusi mahali ulipopita. Kama kipande kina lulu, marijani au feruzi, maji yenyewe yasikae, futa kwa kitambaa chenye unyevu na basi.

Kwa fundi, kikuku chenye weusi kikikatika na kuungwa kwa moto, weusi wa eneo lile utapotea na atapaswa kuutia upya. Muulize kabla kama anayo dawa. Si kila sonara anayo, wengi wamezoea dhahabu, na dhahabu haina shida hizi. Kuuza hakuna tofauti: fedha hupimwa kwa uzito, na weusi hauongezi wala kupunguza kitu cha kuonekana kwenye mizani.

Tulichoamua

Nilimwambia hivi. Pete ya kila siku, ya darasani na ya jikoni, iwe nyeupe na isiwe na mchongo. Ataivaa kila siku na itajing'arisha yenyewe, na ikifubaa kuna foili. Kikuku kiwe kile chenye weusi, kwa sababu kimechongwa vizuri, kwa sababu anaishi Lindi karibu na maji, na kwa sababu nilimwona anakipenda tangu aliponitumia zile picha mbili. Wasiwasi wa watu kusema ni cha zamani tuliuondoa kwa kitambaa: nilimwambia asugue vilima kwa dakika tano, kisha apige picha nyingine juani. Aliponitumia, maua yalikuwa yamesimama kama yamechongwa asubuhi ile. Angekuwa mtu wa kuvaa mara mbili kwa mwaka na kuosha kwa haraka usiku wa kuamkia sherehe, ningemwambia achukue cheupe, na nisingesita.

Januari alikivaa. Mama mkwe wake alikishika mkono mzima akikigeuza kutafuta maua yanaanzia wapi.

Juzi amenipigia kutoka Mtama. Upulizaji umeanza, pete aliivua akaiacha nyumbani kama nilivyomwambia, lakini kikuku alikisahau mkononi na vilima vimekuwa vya njano vikielekea kahawia. "Mama mdogo, nimekiua?" Nimemwambia akioshe kwa sabuni kwanza unga wote utoke, akikaushe, asubiri kesho, halafu achukue ile kanga kuukuu aikunje iwe ngumu, aanze na ua moja.